Pua ya Cowasjee na Fundi Asiyetajwa

Katika historia ya utabibu ipo habari moja inayowastahili wale wanaoshughulika na maneno na maandishi. Ni habari ya Cowasjee, mwendesha magari ya ng'ombe katika jeshi la Waingereza huko Bara Hindi. Katika vita vya mwaka 1792 alitekwa na watu wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, akakatwa pua na mkono mmoja. Alikaa zaidi ya mwaka bila pua. Kisha, karibu na mji wa Poona, akaundiwa nyingine na fundi wa jamaa ya wafyatua matofali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi hufinyanga pua ya nta, akaipima penye kovu, kisha akaitandaza juu ya paji la uso na kuchora mstari kuizunguka. Huichuna ngozi iliyomo ndani ya mstari, ila huacha ukanda mwembamba baina ya macho. Ukanda huo ndio siri ya kazi yote, kwani damu hupita humo, na ngozi isiyopata damu hufa. Ulimi huo wa ngozi huupindua na kuushusha, na kingo zake akazichomeka katika mkato mpya aliouchanja penye kovu. Hashoni kwa uzi. Hubandika vitambaa vilivyopakwa katu, ile ile ambayo watu wa pwani yetu huitafuna kwa tambuu. Mnamo siku ya 25, ngozi ikiisha kushika, ukanda hukatwa.

Maarifa hayo yalikuwa ya kale. Sushruta Samhita, kitabu cha Kisanskriti, chaeleza namna ya kuunda pua kwa ngozi ya shavu iliyopimwa kwa jani. Huko Italia, Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alitoa mwaka 1597 kitabu cha Kilatini juu ya pua za ngozi ya mkono, mkono ukifungwa usoni hata ngozi ishike. Kazi yake iliachwa baadaye, lakini jina lake lilisalia, kwa kuwa aliandika.

Habari ya Cowasjee ilichapwa London katika Gentleman's Magazine la Oktoba 1794, pamoja na picha yake. Yamtaja mgonjwa, yawataja waganga wawili wa Kiingereza walioishuhudia kazi ya namna hiyo, bali fundi yamtaja kwa jamaa yake tu. Joseph Carpue wa London akaifuata njia hiyo tarehe 23 Oktoba 1814, na mwaka 1816 akaitolea kitabu. Tangu hapo ilienea Ulaya, na hata leo wapasuaji huunda pua kwa ngozi ya paji, wakiiita njia ya Kihindi.

Hivyo jina la nchi limemeza jina la mtu. Nasi tukusanyao istilahi kwa wavuvi, waunda majahazi na waganga, yatupasa kuandika, pamoja na neno, jina la yule aliyetufundisha.