Hii kitu ni ya nani? Sheria na mali ya bazee wetu

Tuanze na lukasa. Ni kibao cha mti chenye shanga na kauri, kinachoshikwa kwa mkono mmoja. Kwa Baluba, watu wa chama cha Mbudye walikigusa kwa kidole na kusimulia habari za wafalme. Asiyefundishwa hakuweza kukisoma. Kumbe bazee walikuwa na sheria yao mbele ya karatasi ya Leta: kitu kilikuwa na mchungaji, na mchungaji alijua kwamba si chake peke yake.

Sheria ya maandishi ilikuja na ukoloni. Dekreti ya tarehe 16 Agosti 1939 ilisema italinda mahali pa sifa, majengo ya ukumbusho na kazi za sanaa za wenyeji. Maneno mazuri, lakini wakati ule vitu vingi vilikuwa vimekwisha kupelekwa Tervuren, kule Ubelgiji. Na mwenye kuchagua cha kulindwa alikuwa mkoloni.

Kisha uhuru. Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 ilibadilisha lugha: sasa ni «mali ya utamaduni», na taifa ndilo lenye kuichunga. Tarehe 4 Oktoba 1973, Mobutu alidai mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba nchi maskini zirudishiwe kazi zao za sanaa. Kati ya 1976 na 1982, Tervuren ilirudisha vitu 114. Furaha haikudumu. Katika vurugu za miaka ya 1990, makumbusho ya Kinshasa yaliibiwa, na vitu vingine vikaonekana tena sokoni Ulaya. Sheria ilikuwepo, lakini karatasi haifungi mlango.

Katiba ya 2006, kifungu cha 46, inaagiza Leta kulinda urithi wa taifa. Mwezi wa Juni 2022, mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, lakini kwa mkopo tu! Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 ilifungua mlango wa kurudisha vilivyochukuliwa kati ya 1885 na 1960, kwa mapatano ya Leta na Leta. Kijiji kilichochonga kinyago hakina kiti kwenye meza ile.

Njo maana swali linabaki: hii kitu ni ya nani? Mtu analima shamba, anakuta msalaba wa shaba wa zamani, kama ile ya makaburi ya Sanga katika bonde la Upemba. Leta iko mbali, mnunuzi iko karibu. Pale njo sheria inapimwa. Kama alifundishwa tangu utoto kwamba kile kitu ni cha bazee waliolala na cha watoto watakaozaliwa, atamwita chifu, atamwita mwalimu, wataandika mahali kilipopatikana. Kama hakufundishwa, atauza, na hatuna haki ya kumlaumu yeye peke yake.

Sheria tunazo. Wachungaji tuwalee sisi wenyewe.