Ubingwa Ulioanzia Daraja la Pili

Ukitaka kuusimulia ubingwa wa 1. FC Kaiserslautern wa mwaka 1998, usianzie kwenye kombe. Anzia Leverkusen, tarehe 18 Mei 1996, dakika ya 82. Kaiserslautern walikuwa mbele kwa bao la Pavel Kuka na walihitaji kushinda ili wabaki. Markus Münch akawasawazishia wenyeji. Filimbi ya mwisho ilipolia, ubao ulisoma 1-1, na klabu iliyokuwemo Bundesliga tangu ligi ilipoanzishwa mwaka 1963 ilikuwa imeshuka kwa mara ya kwanza. Andreas Brehme, ambaye penalti yake ndiyo iliyoipa Ujerumani Magharibi Kombe la Dunia la 1990, alimwangukia begani Rudi Völler, mwenzake wa timu ile ya 1990 aliyekuwa sasa upande wa Leverkusen, akalia mbele ya kamera bila kujificha.

Wiki moja baadaye wachezaji walewale walikwenda Berlin wakaifunga Karlsruhe 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Martin Wagner, wakatwaa Kombe la Ujerumani. Timu haikuwa mbovu, basi. Msimu ule ndipo ushindi ulipoanza kuwa na thamani ya pointi tatu badala ya mbili, nao walikuwa wametoka sare mara 18 katika mechi 34. Waliuawa na sare.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Mwembe Tayari, Mombasa. Cherehani ya marehemu baba ilikuwa Pfaff, nyeusi, jina limeandikwa kwa herufi za dhahabu zilizofifia pale alipozoea kuweka mkono. Kwenye televisheni ya jirani tulitazama Football Made in Germany, kwa sauti ya Toby Charles, na timu zile za Wajerumani tukazigawana mtaani kana kwamba ni zetu. Siku niliyojua kwamba cherehani ya baba na timu ya Kaiserslautern, Mashetani Wekundu, vimetoka mji mmoja, sikuwa na timu nyingine tena ya kuchagua.

Mji wenyewe ni mdogo, watu wapatao laki moja, katika mkoa wa Pfalz. Georg Pfaff alikuwa mtengenezaji wa ala za muziki kabla ya kuunda cherehani yake ya kwanza pale mwaka 1862. Kiwanda kilikua kikalisha familia nyingi. Baadaye Opel nao wakajenga chao. Ukishuka kwenye treni tu, unauona uwanja juu ya kilima cha Betzenberg. Nimekipanda kilima kile kwa miguu, na kinamfanya mtu afike langoni akihema. Uwanja umepewa jina la Fritz Walter, nahodha wa Ujerumani Magharibi iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1954. Katika kikosi cha fainali ile walikuwemo watu watano wa Kaiserslautern: yeye, mdogo wake Ottmar, Horst Eckel, Werner Liebrich na Werner Kohlmeyer. Watano kati ya kumi na mmoja, kutoka mji ambao Wajerumani wengi walikuwa hawajaukanyaga.

Watu wengi huuita ubingwa wa 1998 muujiza. Nadhani wanawapunja waliouhangaikia. Timu ikishuka, kwa kawaida wachezaji wazuri hutawanyika kabla hata nyasi za uwanja hazijakauka. Hapa wengi walibaki. Brehme alibaki, ingawa umri ulikuwa umekwenda. Kuka alibaki, na Mcheki mwenzake Miroslav Kadlec, beki wa mwisho aliyeusoma mchezo mapema kuliko washambuliaji. Wagner alibaki, na Olaf Marschall, na kipa Andreas Reinke. Kwangu mimi, bingwa wa 1998 alipatikana katika majira yale ya joto ya 1996, watu hawa walipokubali kwenda kucheza daraja la pili.

Kisha akaja kocha Otto Rehhagel. Alikuwa ameipa Werder Bremen ubingwa mara mbili, 1988 na 1993, kisha akaenda Bayern München, ambao walimfuta kazi Aprili 1996 siku chache tu kabla ya fainali ya Kombe la UEFA. Mtu wa hadhi yake angeweza kusubiri klabu kubwa impigie simu. Yeye alipanda Betzenberg kufundisha daraja la pili. Wakamaliza wa kwanza mwaka 1997 na kupanda pamoja na Wolfsburg na Hertha Berlin. Mwaka ule hausimuliwi sana, lakini ndio uliowafunza kushinda wiki baada ya wiki dhidi ya timu zilizojipanga nyuma, maana sare ndizo zilizokuwa ugonjwa uliowaangusha.

Ratiba ya msimu wa 1997/98 iliwapeleka mechi ya kwanza, tarehe 2 Agosti, kwa Bayern yenyewe, mabingwa watetezi, sasa wakiwa chini ya Giovanni Trapattoni. Dakika ya 80 Ciriaco Sforza, Mswisi aliyekuwa amepitia Bayern na Inter kabla ya kurudi Kaiserslautern, alipiga mpira wa adhabu. Beki wa Denmark, Michael Schjønberg, akaupiga kichwa. 1-0. Sijui furaha ya kocha aliyefukuzwa ina ladha gani, lakini siku ile ningependa kuwa kwenye benchi lake.

Kuanzia raundi ya nne walikaa kileleni, na hawakuteremka tena. Desemba waliwafunga Bayern 2-0 nyumbani. Marschall alifunga mabao 21 katika ligi. Kijana aliyenunuliwa kutoka Chemnitz, Michael Ballack, alicheza mechi 16, miaka mingi kabla dunia haijamjua. Watu waliendelea kungoja waporomoke. Machi, baada ya kufungwa na Schalke, aliyeporomoka ni Trapattoni: alifoka mbele ya waandishi wa habari kwa Kijerumani cha kuokoteza, akiwashambulia wachezaji wake mwenyewe.

Tarehe 2 Mei 1998, katika mechi ya mwisho kasoro moja, Wolfsburg, waliopanda nao mwaka uliotangulia, walikuja Betzenberg wakafungwa 4-0. Bayern wakatoka 0-0 kule Duisburg. Kwisha. Walimaliza na pointi 68 dhidi ya 66 za Bayern, wakiwa wamepoteza mechi nne tu. Brehme alistaafu akiwa bingwa. Fritz Walter, mwenye miaka 77, alikuwa hai.

Mwaka uliofuata walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na waliowatoa ni Bayern haohao. Baada ya hapo hesabu za klabu zilianza kuuma. Pfaff ilikuwa imefilisika mwaka 1999. Klabu nayo, ikizama kwenye madeni, ilipoteza umiliki wa uwanja wake mwaka 2003. Walishuka tena 2006, wakarudi 2010, wakashuka 2012, na mwaka 2018 wakaangukia daraja la tatu, ambako mwaka 2020 walifungua kesi ya ufilisi. Tangu 2022 wako daraja la pili, na mwaka 2024 walifika fainali ya Kombe la Ujerumani wakafungwa 1-0 na Leverkusen.

Tangu mwaka 1998 hakuna timu nyingine iliyopanda Bundesliga na kutwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda. Waliosogea karibu zaidi ni RB Leipzig, walioingia mwaka 2016 wakiwa na fedha za Red Bull nyuma yao na kumaliza wa pili. Bayern waliwaacha kwa pointi 15.