Deni Lisiloulizwa

Kila Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti Dodoma, sisi wa Kilolo tunatega sikio redioni kwa mambo mawili: bei ya mafuta na bei ya mbolea. Anapofika kwenye mikopo ya kuziba pengo kati ya makusanyo na matumizi, wengi tumekwisha kurudi shambani. Ajabu ni kwamba mhazini wa usharika akisoma mapato na matumizi, watu hawahawa huhoji hadi mfuko mmoja wa saruji.

Si kwamba hatukuonywa. Azimio la Arusha la 1967 lilisema misaada na mikopo ya nje itahatarisha uhuru wetu. Mikopo ikaja hata hivyo. Kisha mafuta yakapanda bei, ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na Serikali ikaziba pengo kwa kukopa Benki Kuu; maana yake noti nyingi kuliko bidhaa. Wenye umri wanakumbuka foleni za sabuni na sukari, na bei zilizopanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa; dola iliyokuwa takriban shilingi 17 ikawa 40. Ada zilikuwa zimerudi shuleni, na baadaye ukaja uchangiaji hospitalini. Mzazi aliyeuza mahindi ili mtoto asome alikuwa akilipa deni ambalo hakulisikia likikopwa.

Makanisa duniani yalipaza sauti katika kampeni ya Jubilei 2000, iliyochota jina lake Walawi 25. Mwaka 2001 Tanzania ilipata msamaha mkubwa wa deni la nje, na katika kipindi hicho ada ya shule ya msingi ikaondolewa. Ibada za shukrani zilifanyika. Pengo jipya likaanza kukopewa kimyakimya.

Desemba 2021 Spika Job Ndugai alisema deni limefika trilioni 70 na nchi inaweza kupigwa mnada. Aliomba radhi, Rais akamkosoa, na tarehe 6 Januari 2022 Spika akajiuzulu. Mjadala sokoni ulikuwa nani atamrithi. Zile trilioni 70 hazikupata mtu wa kuzichambua. Lakini tozo ya miamala ya simu, mwaka uleule, ilipigiwa kelele hadi ikapunguzwa, kwa kuwa ilikatwa mbele ya macho yetu. Mkopo haukatwi mbele ya mtu. Tena hujenga darasa, na darasa linaonekana. Nani atalalamikia darasa?

Katika Nehemia 5 watu walilia kwamba wamekopa ili kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanatiwa utumwani. Nehemia aliitisha kusanyiko kubwa, akawakabili wakuu hadharani, na riba ikatajwa kwa kiwango chake, moja ya mia.

Bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35. Hotuba yake ilisomwa kwa Kiswahili, kama lilivyoandikwa daftari la mhazini wetu.