Plagi za Gari: Usingoje Likukwamie Mlimani

Ukitoka Kisumu kwenda Busia, barabara ni tambarare mpaka Kisian, njia ya Bondo inapochepuka kushoto. Kisha waanza mlima wa Maseno. Hapo ndipo gari langu liliposhindwa, watoto wamo ndani, lori la mchanga nyuma yangu. Nakanyaga mafuta, injini inatetema, halivuti.

Tulirudi Kisian kwa mteremko. Fundi akazitoa plagi nne: ncha zimelika, mwanya umepanuka. Tangu gari lishuke bandarini Mombasa, limetumika Japani, sikuwahi kuzigusa.

Plagi za nikeli hubadilishwa baina ya kilomita 30,000 na 50,000; za iridiamu huweza kufika 100,000. Kitabu cha gari ndicho hakimu. Kama hujui zimetembea kiasi gani, zitoe uzitazame. Kahawia hafifu ni salama. Masizi makavu meusi: petroli inazidi, au chujio la hewa limeziba. Zikilowa oili, plagi mpya hazitakuponya, injini ina ugonjwa wake. (Wenye dizeli, haya hayawahusu.)

Gari likiwaka kwa taabu asubuhi, likitetema ukisimama na kula mafuta kuliko ada, usiendelee hivyo. Petroli isiyoungua huenda kuharibu kisafisha moshi kwenye bomba, nacho ni ghali kuliko plagi mara nyingi.

Badilisha zote pamoja, injini ikiwa imepoa. Fundi akianza kukaza kwa spana, mzuie. Aanze kwa vidole. Kichwa cha injini nyingi ni alumini, na hesi zikiharibika, utalipa wewe.