Zanzibar na OIC: Imani za dini zilipoingia katika sera ya nje ya Tanzania

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, inayofahamika zaidi kwa kifupi cha OIC. Miezi minane baadaye, Agosti 1993, ilijitoa. Katika kipindi hicho kifupi Muungano uliodumu tangu Aprili 26, 1964 ulitikisika kuliko ilivyotarajiwa na wengi, na hadi leo kila OIC inapotajwa, mjadala ule hufufuka.

Makala haya yanaeleza chimbuko la jambo hilo, hoja za pande zilizohusika na funzo lililobaki kuhusu nafasi ya dini katika uhusiano wa taifa na mataifa mengine.

OIC ni nini?

Jumuiya hiyo iliasisiwa Septemba 1969 mjini Rabat, Morocco, mwezi mmoja baada ya Msikiti wa Al-Aqsa mjini Jerusalem kuchomwa moto. Makao makuu yake yako Jeddah, Saudi Arabia. Mwaka 2011 ilibadili jina na kuitwa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, na ina wanachama 57.

Si wanachama wote ambao wananchi wao wengi ni Waislamu. Uganda iliingia mwaka 1974, enzi za Idi Amin, na serikali zilizofuata hazikuitoa. Gabon na Cameroon nazo ziliingia mwaka huo huo. Msumbiji ilijiunga mwaka 1994.

Mvuto mmojawapo ni wa kiuchumi. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, iliyoanza kazi mwaka 1975, huwapokea wanachama wa OIC pekee. Kwa Zanzibar, ambayo bei ya karafuu, zao lake kuu, ilikuwa imeporomoka katika miaka ya 1980, mlango huo haukuwa mdogo. Serikali ya Rais Salmin Amour ilitetea uamuzi wake kwa hoja ya maendeleo.

Kikwazo cha Katiba

Upinzani ulikuwa na sura mbili. Ya kwanza ni ya kisheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaweka mambo ya nchi za nje katika orodha ya mambo ya Muungano. Tangu mwaka 1964 dola inayotambuliwa kimataifa ni moja, nayo ni Tanzania. Zanzibar, pamoja na kuwa na rais na baraza lake la kutunga sheria, haikuwa na mamlaka ya kujiunga na jumuiya ya madola.

Sura ya pili ni ya dini. Katiba hiyo hiyo inatamka kwamba Jamhuri haina dini, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Viongozi wa makanisa walihoji vipi nchi ya namna hiyo iingie katika chombo kilichojengwa juu ya dini moja.

Waislamu wengi walijibu kwamba Tanzania ina uhusiano wa kibalozi na Vatican, na balozi wa Papa yuko Dar es Salaam. Walikumbusha pia hati ya makubaliano ambayo serikali ilitia saini na makanisa mwaka 1992 kuhusu huduma za jamii. Kama hayo hayavunji Katiba, walisema, OIC itaivunjaje? Wapinzani wao walisisitiza kwamba kupokea balozi ni jambo moja na kuwa mwanachama ni jambo jingine.

Mapema mwaka 1993 kamati ya Bunge iliyochunguza suala hilo ilieleza kwamba Katiba imevunjwa. Zanzibar ilijitoa, kwa maelewano kwamba Serikali ya Muungano itaangalia uwezekano wa Tanzania yenyewe kujiunga.

Moto ulipohamia Muungano

Hata hivyo, kujitoa hakukuzima hasira. Mwezi huo huo wa Agosti wabunge 55, waliokuja kujulikana kama G55, walisimamia hoja ya kuundwa kwa serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Bunge liliipitisha. Mwalimu Julius Nyerere aliipinga vikali, na katika kitabu chake cha mwaka 1994, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, aliwalaumu viongozi walioliacha jambo hilo likue. Hoja hiyo ilikuja kuachwa, lakini swali la muundo wa Muungano halikuachwa.

Mwaka 2008 Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo, alionyesha kwamba haoni madhara kwa Tanzania kujiunga. Maaskofu walipinga mara moja. Tanzania si mwanachama hadi sasa.

Imani au kuaminiana?

Historia haionyeshi kwamba dini ya kiongozi ndiyo imekuwa ikiamua sera ya nje ya nchi hii. Uhusiano na Israel ulivunjwa mwaka 1973 chini ya Nyerere, Mkatoliki, wakati nchi nyingi za Afrika zilipochukua hatua hiyo. Ulirejeshwa mwaka 1995 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu. Aidha, fedha za nchi za Kiarabu zimefika bila uanachama wa OIC: Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Uchumi wa Afrika, BADEA, imeikopesha Tanzania, Zanzibar ikiwamo.

Dini ilifanya kazi kwa njia nyingine. Uamuzi wa nje ulisomwa nyumbani kama mizani ya nani anapendelewa. Upande mmoja ulihofia nchi kupewa dini kwa mlango wa nyuma. Upande mwingine uliona kwamba lake hukaguliwa kwa darubini ilhali la mwenzake hupita. Kufanya uamuzi bila kushauriana kulizipa hofu zote mbili nguvu.

Kwa hiyo serikali yoyote itakayolifungua tena faili la OIC haitaanza kazi Jeddah. Itaanzia bungeni, misikitini na makanisani, kwa kueleza wazi faida, masharti na mipaka ya uanachama kabla ya kutia saini.