Dawa ya wafiwa wa Rungwe

Neno adaptojeni lina umri mdogo kuliko bibi yangu. Lilizaliwa mwaka 1947 katika Umoja wa Kisovieti, pale mwanasayansi Nikolai Lazarev alipotafuta jina la dawa zisizo na adui mmoja. Dawa ya malaria inapiga malaria, dawa ya minyoo inapiga minyoo. Hizi alizozifikiria yeye zilitakiwa kuusaidia mwili mzima kuhimili shida yoyote ile, iwe baridi, uchovu au hofu. Baada yake Israel Brekhman, kule Vladivostok, aliuchunguza kwa miaka mingi mmea wa eleuthero unaoota kwenye misitu ya mashariki ya Urusi. Leo neno hilo tunakutana nalo kwenye simu zetu, limebandikwa juu ya kopo la ashwagandha: kijiko kimoja asubuhi, kimoja usiku, msongo wa mawazo kwaheri.

Sina ugomvi na ashwagandha. Ni mmea wenye heshima yake India, na hata Afrika Mashariki huota wenyewe porini. Kinachonisumbua ni kijiko kile cha mtu mmoja, chumbani kwake, mlango umefungwa. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tulikuwa na dawa ya kuhimili, na haikunywewa hivyo.

Kati ya mwaka 1935 na 1938 Monica Wilson, mwanaanthropolojia kutoka Afrika Kusini, aliishi Rungwe pamoja na mumewe Godfrey, wakijifunza maisha ya Wanyakyusa. Haikuwa miaka myepesi. Kodi ya serikali ya Waingereza ilidai fedha taslimu, na vijana walikuwa wakipanda kwenda Lupa, upande wa Chunya, kutafuta vibarua kwenye machimbo ya dhahabu. Godfrey aliandika juu ya mazishi. Monica alitoa kitabu kizima juu ya mila za ukoo mwaka 1957, na humo ndani kuna dawa inayojirudia karibu kila sura: ikipiki.

Ikipiki ilikuwa dawa ya mitishamba ya ukoo. Ilitolewa kwenye msiba, ilitolewa mtoto alipozaliwa, msichana alipovunja ungo na kuolewa, na pale mama alipojifungua mapacha, jambo lililotisha kuliko yote. Ukizitazama nyakati hizo utaona zinafanana: ni pale maisha yanapomtikisa mtu hadi kwenye shina. Aliyeila ikipiki aliingizwa pia katika undugu. Bibi harusi aliipokea kwa wakweze, akawa wao.

Kwenye msiba mambo yalikwenda hivi. Wafiwa walikaa ndani, juu ya matandazo ya majani makavu ya mgomba, bila kuoga, wachafu kama maiti wao. Nje wanaume walicheza ngoma, wanawake walilia. Siku zilipotimia, matandazo yalifagiliwa na kutupwa, watu wakanyolewa, wakaoga, wakapewa dawa. Na kwa nini yote haya? Wanyakyusa walimwambia Monica wazi: asiyefanyiwa mila atarukwa na akili. Mwendawazimu kwao alikuwa mtu anayekula uchafu na kutembea uchi. Basi uchafu huo ulipokewa mapema, kwa hiari, mbele ya ndugu, ili usije baadaye ukamkuta mtu peke yake. Nadhani Lazarev angeielewa hesabu hiyo upesi.

Iringa, iliyokuwa jimbo moja na Rungwe enzi hizo, ina habari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Robert Edgerton alifanya utafiti kwa Wahehe, na mwaka 1971 akachapisha makala juu ya mganga mmoja bingwa wa magonjwa ya akili, aliyemtaja kwa jina la Abedi. Edgerton alimwita daktari wa akili bila kejeli. Abedi alikuwa na dawa za kutapisha, za kuharisha na za kutuliza, na aliamini nguvu za mimea yenyewe. Lakini kabla ya kuchimbua mzizi alipiga ramli. Alitaka kujua nani ana kinyongo na nani. Msomaji wa leo atacheka ramli. Mimi naona pale palikuwa na saa nzima ya kuulizwa mambo ya nyumbani kwako.

Wamoraviani walikuwa wamefika Rungwe mwaka 1891, na Wakristo wakaziacha mila hizo, au walitakiwa kuziacha. Sera ya nchi huru nayo iliufuata mmea: mwaka 1974 Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili. Kazi yake ni muhimu mno, kwa sababu mizizi mingine huua. Ila matandazo ya mgomba hayapimiki maabara.

Mwaka jana tulimzika baba mdogo, karibu na Tukuyu. Binti yake, dada yangu, anafanya kazi Dar es Salaam. Mwajiri alimpa siku nne, mbili zikaishia kwenye basi. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya kopo la ashwagandha, akauliza kama ninaijua. Nikampigia. Alisema analala vizuri zaidi, na ninamwamini. Kisha akasema hajapata bado nafasi ya kulia, maana anaishi na mpangaji mwenzake na kuta ni nyembamba.

Nilimsimulia habari za ikipiki. Alicheka sana pale pa kutooga. Alipomaliza kucheka aliniuliza shangazi wataanua matanga lini, na kama akiomba likizo bila malipo, nitasafiri naye.

Tulikata tiketi za Ijumaa.