Kanisa la Nguzo: Historia ya Kanisa la Borgund na Jina Lake

Mfasiri anayekutana na neno la Kinorwei "stavkirke" hushawishika kuandika "kanisa la mbao" na kuendelea na kazi yake. Tafsiri hiyo si ya uongo, ila haitoshi. Katika kijiji cha Borgund, kwenye bonde la Lærdal magharibi mwa Norwei, yamesimama makanisa mawili jirani: moja lilijengwa karibu na mwaka 1180, la pili mwaka 1868. Yote mawili ni ya mbao. Basi atakayesoma habari za "kanisa la mbao la Borgund" hatajua linalosemwa ni lipi.

"Stav" ni nguzo, na historia yote ya kanisa lile kongwe imo katika neno hilo. Wajenzi wa awali wa nchi hiyo walichimbia nguzo za makanisa yao ardhini. Msomaji aliyepata kuona nguzo za nyumba ya udongo zikiliwa na mchwa hahitaji maelezo marefu; huko Norwei mlaji alikuwa unyevu. Nguzo zilioza miguu, na kanisa halikudumu. Ndipo mafundi walipoanza kulaza boriti nene juu ya msingi wa mawe, na kuzisimamisha nguzo juu ya boriti hizo, mbali na udongo. Katikati ya nguzo na nguzo walisimamisha mbao wima, kila ubao ukiingiza ukingo wake katika mfuo wa mwenziwe. Hapa ndipo kanisa la nguzo linapoachana na kanisa la magogo, ambalo kuta zake ni magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine.

Boriti hizo za chini zimewasumbua wafasiri. Wako wanaoziita "vizingiti", nasi hatukubaliani nao: kizingiti ni cha mlango. "Boriti za msingi" latosha, na fundi yeyote atalielewa.

Mbao za nje hupakwa lami itokanayo na msonobari, kwa muda wa karne nyingi sasa, kama vile mabaharia wa pwani yetu walivyopaka majahazi sifa ili maji yasipenye. Paa limeezekwa vigae vya mbao, na juu yake vimechongwa vichwa vya majoka.

Baada ya mageuzi ya dini ya mwaka 1537 kanisa liliingia mikononi mwa Walutheri, na baadaye likatiwa mabenchi na madirisha. Hatari kubwa zaidi ilitoka serikalini. Sheria ya mwaka 1851 iliagiza kwamba kila kanisa la shamba liweze kuchukua sehemu tatu katika kumi za waumini wake. Makanisa ya nguzo yalikuwa madogo, na mengi yakabomolewa. Borgund lilijengewa jirani mkubwa zaidi, na mwaka 1877 chama cha kuhifadhi mambo ya kale, kilichoundwa mwaka 1844, kikalinunua lile la zamani. Watengenezaji waliondoa mabenchi na madirisha ili lirudie hali yake ya kwanza; kwa hiyo giza analolikuta mgeni ndani yake leo ni, kwa kiasi fulani, uamuzi wa karne ya 19.

Yamebaki makanisa 28 ya namna hii nchini humo. Tunapendekeza "kanisa la nguzo", bila kuongeza "la kale", kwani istilahi yataja ujenzi, haitaji umri. Kanisa la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa moto mwaka 1992 likajengwa upya kwa namna ile ile. Nguzo zake ni mpya, lakini ni kanisa la nguzo. Na lile la Borgund la mwaka 1868, hata likifikisha miaka elfu, halitakuwa.